Siku Mama Luka Alipoomba Moto

Mwanangu, ile asubuhi naikumbuka kwa ukungu wake kwanza, mambo mengine yananijia baadaye. Ulikuwa ukungu wa vuli, ule unaoshuka kijijini kwetu Kiruruma ukafunika migomba mpaka unaona majani ya juu tu, na sauti za watu unazisikia kabla hujawaona wenyewe. Senene walikuwa wameanguka. Kila jani la nyasi lilikuwa na senene wake, kijani juu ya kijani, na watoto walikuwa wakiwaokota kimyakimya kama wako kanisani. Nikifumba macho hata leo nawaona: mwanangu wa kwanza, Deo, na kando yake mtoto mwenye nywele rangi ya mahindi makavu, wote wawili wameloa mpaka magotini.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo tangu juzi, uliponionyesha nyumba yako mpya kule Kayanga. Nyumba nzuri, nimeipenda, na lile geti lako nimelisukuma mpaka bega likaniuma. Ukaniambia kwa kujisifu, Bibi, hapa nina kila kitu, simsumbui mtu. Nikanyamaza kwa sababu ulikuwa umenipikia wali, na mimi siharibu wali wa mtu. Sasa nimeshiba na nimefika kwangu salama, basi kaa usikilize.

Huyo mtoto wa nywele za mahindi aliitwa Luka. Baba yake alikuwa Mtaliano, fundi wa mabomba, aliyekuja kututolea maji kutoka chemchemi ya kule bondeni. Ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Amin, chumvi ya kutafuta, sabuni ya kutafuta, mafuta ya taa ndiyo usiseme. Alikuja na mkewe na watoto wawili, Luka na mdogo wake Klara, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Wakapewa nyumba ya bati jirani na kwetu. Kati yao na sisi ilikuwa migomba tu, na mstari wa milamula, ule mmea tunaoupanda mipakani. Mimi nilikuwa bado mke mpya, nina mtoto mmoja, naishi na mama mkwe wangu, mama mwembamba asiyejua Kiswahili zaidi ya neno asante, na hilo nalo alilitoa kwa kubana.

Mama Luka alikuwa na roho nzuri, nitalisema hilo mpaka kaburini. Lakini alikuwa na tabia iliyotushinda. Ukimpelekea ndizi, jioni ileile kikapu chako kimerudi kina sukari. Ukimpelekea maharage, kabla hujafika nyumbani anakukimbilia na kipande cha sabuni. Yeye mwenyewe hakuomba kitu. Alikuwa na jiko lake la mafuta ya taa, viberiti vyake, makopo yake ya maziwa, amejitosheleza kama wewe na geti lako.

Na kwetu enzi zile, mwanangu, aliyehamia alikwenda kwanza kwa jirani kuomba moto. Hata kama ana kiberiti mfukoni! Anakwenda na kigae cha chungu kilichovunjika, anawekewa makaa, anarudi akiyapuliza njia nzima, na kuanzia siku hiyo nyumba yake na yako zinapikia moto mmoja. Aliyechukua moto kwako unaingia kwake, unaketi, unaonja mboga bila kuulizwa. Ambaye hajachukua, unamsalimia ukiwa umesimama uani. Basi sisi tulisimama uani. Tulimsubiri aombe, kwa heshima zote, na yeye huko ndani akatusubiri tuingie.

Siku chache kabla ya asubuhi ile ya senene nilimkuta ameketi kizingitini, Klara amelala mapajani mwake, anatazama mvua. Akaanza kunisimulia kwao, kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza. Kwao nako ni kijiji cha milimani, akasema, na msimu kama huu majani ya miti hugeuka mekundu na ya njano, halafu yanaanguka yote, mti unabaki uchi. Sikumwamini. Mti uliomwaga majani yote mimi naujua kuwa ni kuni. Akacheka, akasema watoto hukanyaga zabibu kwenye mapipa mpaka miguu inakuwa ya zambarau, na wazee huchoma kokwa za msituni kwenye moto, na watu hushinda wakiingia nyumba hii na kutokea ile, kutwa nzima. Mvua ilikuwa inanyesha polepole, nikajiona kama naota. Nikawaona watu wa Kiruruma wakipita kwenye majani mekundu, miguu yao ya zambarau.

Halafu akaacha kucheka.

"Hapa hakuna mtu anaingia kwangu," akasema. "Mume wangu akirudi na lori, nachukua watoto, nakwenda kwetu. Watu hawatupendi."

Nikachungulia ndani nikaliona sanduku, limeshafungwa kamba. Moyo uliniuma, nisikufiche. Nilikuwa nimeshampenda yule mama, na Deo wangu, ambaye nyumbani kumtoa neno mdomoni ilikuwa kazi, kwa Luka alikuwa anaongea mchana kutwa, lugha gani sijui. Nilikwenda nikamweleza mama mkwe. Akasikiliza huku anamenya ndizi, akaendelea kumenya.

Sasa asubuhi yenyewe. Mume wa Mama Luka alikuwa ameenda Bukoba kufuata mabomba na mafuta ya taa, barabara ikakatika kwa tope, hakuonekana. Senene walipopungua ilishuka mvua kubwa ya baridi, kila mtoto akakimbilia kwao, ila Deo aliyemfuata Luka. Haukupita muda Deo akarudi kutoka kwa kina Luka anahema. Jiko la kule limezimika, akasema, mafuta yamekwisha, viberiti vimelowa, na Klara analia njaa.

Mimi huyo, kigae mkononi, nikachota makaa, nikawa nimeshafika mlangoni. Mama mkwe akanishika mkono.

"Weka chini."

Nikamwambia mtoto analia. Akasema amesikia, yeye si kiziwi.

"Ukimpelekea atakulipa sabuni," akasema. "Na lori likija ataondoka akiwa mgeni vilevile. Mwache avuke mwenyewe ile milamula."

Nilikasirika, mwanangu. Nilimwona mama mkwe ana moyo wa jiwe, na kama isingekuwa adabu ningemwambia. Lakini kuna alichokifanya ambacho sikukitegemea. Alifungua mlango wazi kabisa, mvua ikaturukia. Akachukua majani mabichi ya migomba akayatia motoni, moshi ukajaa nyumba, ukapenya kwenye nyasi za paa, ukatoka nje mzito na mweupe, ukatambaa juu ya shamba kuelekea nyumba ya bati. Tukakohoa wote. Halafu nikamwona anaongeza maji kwenye chungu cha uji, akaongeza na unga, kuliko vinywa vilivyokuwa mle ndani.

"Uji ukiiva hajaja," akasema, akijifuta machozi ya moshi, "nitamfuata mimi."

Basi tukangoja. Kulikuwa kungoja kwa ajabu, sijui hata nikuelezeje. Moshi na ukungu vimechanganyika, huoni mgomba wa pili ulipo, mvua inagonga majani, na kwa mbali sauti ya Klara inalia, inanyamaza, inalia tena. Nilikuwa nikimwomba Mungu uji usiive. Halafu nikatambua kwamba kilio kinasogea.

Alitokea kwenye ukungu kidogokidogo, kwanza gauni, halafu yeye. Klara alikuwa amefungwa mgongoni kwa kanga, vibaya kupita kiasi, anakaribia kuteremka mpaka kwenye magoti. Luka ameshika pindo la gauni. Mkononi alikuwa na kisufuria. Akasimama uani kwetu, palepale ambapo sisi tulikuwa tukisimama kwake, mvua inamnyeshea. Kisha akapiga goti kwenye tope, kama alivyokuwa akituona tukifanya.

"Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. "Naomba moto. Sina."

Mama mkwe akamtazama. Akanigeukia, akaniambia kwa Kinyambo chetu nimfikishie maneno, na mimi nikayafikisha.

"Anasema, binti yangu, umechelewa. Tunakusubiri tangu siku uliyofika."

Mama Luka alilia, mwanangu. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mamaye. Mama mkwe hakumbembeleza, hakuwa na tabia hizo. Alimfungua Klara mgongoni, akaingia naye ndani, akamkalisha kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akaanza kupuliza uji.

Walishinda kwetu kutwa. Tulikaanga senene, tukachoma ndizi, Luka na Deo wakalala pamoja karibu na mafiga kama watoto wa mbwa. Enzi zile sisi wanawake tulikamata senene na kuwakaanga, lakini kuwala ilikuwa haki ya wanaume. Mama Luka akauliza mbona hatuli, na yeye ameshamaliza kiganja kizima. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo. Usiniulize kama siku hiyo na mimi nilionja.

Mvua ilipokatika, mama mkwe alichota makaa. Kile kisufuria alikisukuma pembeni, akayaweka kwenye kigae chake, na akanituma tena maneno. Mwambie, akasema, hiki kigae nisikione hapa kesho, wala keshokutwa. Mama Luka alikipokea kwa mikono miwili. Akasema asante, akaishia hapo. Hakukimbilia sabuni. Tukamwangalia anavuka milamula anapuliza makaa, na baada ya muda, juu ya ile nyumba ya bati, moshi wa kuni.

Kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba ameomba moto. Wanawake waliingia kwake tangu asubuhi, huyu anaomba chumvi kidogo, huyu anaacha mtoto aende kisimani, huyu hana shida yoyote, kaja kukaa. Viti havikutosha. Wakafungua kamba za lile sanduku, wakatoa nguo, wakalisogeza ukutani, likawa benchi la wageni. Mumewe aliporudi na lori akakuta ua umejaa wanawake, akadhani pana msiba. Hakuondoka mtu. Walikaa mpaka maji yakafika kijijini, mpaka Klara akawa ananisalimia kwa Kinyambo na kunijibu jeuri kwa Kinyambo hichohicho.

Walipokuja kutuaga, miaka mingine ilikuwa imeshapita na mama mkwe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mama Luka alikifunga kile kigae kwenye kitambaa, akaja nacho mpaka mlangoni kwangu. Akaniuliza kama sasa ndiyo akirudishe. Nikamwambia hapana, nenda nacho. Sijui kama huko kwao majani yanapoanguka bado anakitazama, lakini huku sikuwahi kuwa na jirani mwingine kama yule.

Kwa hiyo mwanangu, ninachotaka kukuambia si kikubwa. Kutoa unajua, nimekulea mimi. Sasa jifunze kuomba. Kila siku kumpa mwenzako na usikubali kitu chake ni kumwambia huna haja naye, hata kama moyoni hukumaanisha. Yule mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa anakuangalia juu ya ukuta wakati nakuaga, nenda kwake kesho. Mwombe kiberiti. Vyako vifiche kabatini kama lazima. Na akikupa kitu kwenye bakuli, bakuli lake likae kwako siku kadhaa, lisirudi mbio.

Mungu aijaze nyumba yako, mwanangu. Akujalie watoto na unga na afya na mvua kwa wakati wake. Ila kila mara akupunguzie chumvi kidogo, upate sababu ya kutoka nje ya lile geti.