Siku ya Tatu ya Likizo

Siku niliyoanza kazi nilivaa viatu vya kisigino. Nilidhani mlezi wa watoto wenye vipaji ni mtu wa kukaa ofisini na kuandika ripoti. Nyumba yetu ya malezi ilikuwa ghorofa mbili za juu za jengo moja la Mchafukoge, na chini yake kulikuwa na maduka ya vitenge na mapazia. Msimamizi Mkuu, mama mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokuombea dua, alinitazama miguuni, akaingia chumbani na kutoka na ndala.

"Vua hivyo, binti. Juu kuna mtoto kakojoa kitandani, na hataki wenzake wajue. Fua mashuka ya chumba kizima. Lake liwe katikati."

Nilifua mpaka mikono ikachubuka. Mchana aliniita tukala wote, akanipa neno nililoanza kulielewa miaka mingi baadaye.

"Mtoto uliyemfulia si wako, wala si wa nyumba hii. Umemwazima. Na cha kuazima hurudi kwa mwenyewe."

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii sasa. Ninyi mmeisomea chuoni, jambo jema sana. Sisi tulisomeshwa na mashuka. Lakini mtoto hajabadilika, na mama yake hajabadilika, kwa hiyo huenda yetu yakawafaa.

Watoto tuliowapokea walikuwa waking'ara darasani lakini nyumbani hawakuwa na pa kusomea: chumba kimoja, familia nzima, na taa inayozimwa mapema ili wengine walale. Walimu wakuu wa shule za msingi walituletea majina. Tuliwapa mtihani wa mchujo, yaani mtihani wa kupunguza wengi ili wabaki wachache, kisha tukawatembelea kwao. Waliochaguliwa walihamia kwetu. Mchana walisoma shule za jirani, jioni wakarudi kula, kujisomea na kulala. Saa za kujisomea, vipaza sauti vya Kariakoo vilikuwa bado vinanadi viatu na masufuria. Nilipotaka kufunga madirisha, Mratibu wa Masomo alinizuia.

"Yaache wazi, Dada. Anayeweza kuitafuta eksi ya hesabu humu, ataitafuta popote."

Nilianzia stoo ya chakula, nikapanda kuwa mlezi wa ghorofa ya wasichana, kisha nikapelekwa kwenye kazi iliyonifaa kuliko zote: ufuatiliaji. Mfuatiliaji ndiye anayetembea kati ya nyumba ya malezi na nyumba ya mzazi. Huanza na uchunguzi wa nyumbani, pale mjumbe wa mtaa anapokupeleka kuona mtoto anatoka wapi. Wapo walioficha runinga kwa jirani ili waonekane maskini zaidi. Waliokuwa wengi walifanya kinyume: waliazima vitu ili wasiaibike mbele ya mgeni. Siku moja, Buguruni, nilikalishwa kwenye kochi lile lile katika nyumba mbili tofauti, na mwenye kochi akaja kunisalimia kote kana kwamba hatujaonana.

Nilipomsimulia Msimamizi Mkuu, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Ndiyo maana usitazame vitu. Vitu vina miguu. Tazama ni nani anafanya kazi ya mtoto wakati mtoto anasoma."

Zamoyoni nilimkuta Feri, kwenye soko la samaki. Alikuwa darasa la tano, na mwalimu wake alikuwa ametuambia ameishiwa hesabu za kumpa. Mama yake, Bi Somoe, mtu wa Lindi, alikuwa mkaanga samaki. Mtoto alikuwa amechuchumaa anapara vibua, yaani anawaondoa magamba kwa kisu, huku akibishana na mama yake kuhusu moto. "Mama, kuni nyingi hizi, utaunguza!" "Nifundishe basi, wewe uliyenizaa!" Niliwapenda wote wawili papo hapo.

Tukamchukua. Alifaulu darasa la saba, akaendelea na sekondari, na katika Hisabati akawaacha mbali hata vijana wa kidato cha juu yake. Kila likizo tulimpeleka nyumbani kama tulivyowapeleka wote: kwa gari letu, sare imepigwa pasi, na kifurushi cha mchele, sukari na mafuta mkononi. Tuliona hiyo ndiyo heshima.

Alikuwa anakaribia kuingia kidato cha nne Bi Somoe alipopanda ngazi zetu, amevaa gauni la sikukuu, akaomba kumwona Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mhasibu mstaafu, mzee mpole aliyependa kila jambo liishe kabla ya chai. Aliniita nikae nao.

"Shikamoo, dada," Bi Somoe aliniambia.

"Marahaba, mdogo wangu. Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. "Kuna aliyemkosea, mama?"

"Hakuna. Mnamlisha, mnamsomesha, Mungu awalipe. Lakini kila likizo mnaniletea mgeni. Yeye analala kitandani, mimi na wadogo zake chini. Naazima sahani. Wadogo zake nawaambia shh, dada anasoma. Na yeye anasema asante. Nikimpa maji, asante mama. Nikimpa kiti, asante mama. Mtoto niliyemzaa mimi ananishukuru kwa maji! Akimaliza hicho kidato cha nne nitakuwa nimebaki na cheti na mgeni. Bora nimchukue sasa, bado ananijua jina."

Mkurugenzi alijaribu. "Tunaweza kuongeza kifurushi, mama, ili mzigo..."

"Kifurushi ndicho kinachomfanya mgeni, baba!"

Kanuni yetu ilikuwa ngumu, na sababu yake ilikuwa ya haki: nafasi ikiachwa, inachukuliwa na mtoto mwingine anayesubiri, na aliyetoka harudi. Zamoyoni angeondoka siku ile, angepoteza mwaka wa mtihani. Angebaki kwa nguvu ya maneno yetu, angempoteza mama. Nikaomba ruhusa nizungumze na Zamoyoni kwanza.

Nilimkuta kwenye ngazi. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Mama Mlezi, mimi nifanye nini?" alisema. "Nikishika ufagio, ananinyang'anya. Nikishika kisu, anasema hivyo ni vidole vya kalamu. Nakaa. Nikikaa naona aibu, nasema asante. Sijui niseme nini kingine."

Ndipo neno la ndala na mashuka likanirudia. Tulikuwa tumeazima mtoto, na kila likizo tulikuwa hatumrudishi, tunampeleka tu matembezini.

Nikarudi ofisini. "Mdogo wangu," nilimwambia Bi Somoe, "wazee wetu walisema nini kuhusu mgeni?"

"Mgeni siku mbili," alijibu, bado ana hasira.

"Siku ya tatu?"

"Mpe jembe." Akanitazama. "Jembe gani, dada, mjini hapa?"

"Lako unalijua. Likizo hii tumjaribu. Atakuja kwa miguu, bila kifurushi. Siku mbili mpe kitanda, mpe pilau, roho yako itulie. Siku ya tatu mpe jembe. Ikishindikana, nitakufungia sanduku lake mimi mwenyewe."

Mkurugenzi hakupenda. Bi Somoe alipotoka aliniambia, "Tunawasomesha watoke huko, Mama Mlezi. Wewe unawarudisha."

"Mzee, anayetoka kwao asipajue tena hajatoka," nilimjibu. "Amepotea."

Siku ya tatu ya likizo nilikwenda Feri asubuhi. Moshi wa kuni ulikuwa umetanda, makarai yanachemka, wanunuzi wamejaa. Na Zamoyoni? Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa khanga safi, mbali na mafuta, mikono mapajani. Mama yake alikuwa anapara, anakaanga na kuuza peke yake, jasho linamtiririka. Nikaanza kuwaza sanduku.

Aliyeokoa jambo hakuwa mimi. Jirani wa karai la pili, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, alipaza sauti mpaka wapara samaki wote wakageuka.

"Somoe! Huyo bibi harusi wako umemweka pembeni apoe au anasubiri mahari?"

Kicheko kikalipuka. Mteja mmoja akadakia, "Mimi nina vibua wawili, wanatosha?"

Nilimwona Bi Somoe anaiva uso. Akamtazama mwanawe, akatazama beseni la samaki, akanitazama na mimi niliyesimama pale nimeshika mkoba. Akachukua kisu akakitupa kwenye beseni.

"Zamo! Umekaa kama balozi, unangoja upigiwe wimbo wa taifa? Inuka, para hao vibua, mteja anasubiri!"

Msichana aliruka kama aliyefunguliwa kamba. Akachuchumaa, akaanza kupara. Mikono ilikuwa imesahau. Magamba yalimrukia usoni, samaki wa kwanza akamponyoka na kuanguka mchangani.

"We mtoto, samaki wa watu huyo! Hayo ndiyo wanayokufundisha Mchafukoge?"

"Mama nawe, kisu chenyewe butu! Hata wewe hujakinoa tangu niondoke!"

Bi Somoe akaweka mikono kiunoni, akamgeukia jirani yake, na uso wake wote ukafunguka.

"Umesikia mdomo huo? Karudi. Karudi huyo!"

Sanduku halikufungwa. Zamoyoni alirudi kwetu likizo ilipokwisha, ana alama ya mafuta mkononi na harufu ya samaki iliyowachekesha wenzake juma zima, akafanya mtihani wake na kuendelea mbele.

Nilipokuwa Msimamizi Mkuu, siku ya tatu niliiweka kwenye utaratibu. Gari na kifurushi tuliviacha. Siku ya tatu ya kila likizo mlezi hutembelea nyumbani kuona kama mtoto amepewa kazi. Msidhani ilikwenda bila mawaa. Baba mmoja wa Kariakoo alimpa mwanawe duka zima, akaenda zake kucheza bao, na kijana hakufungua kitabu likizo yote. Ilibidi tukae naye tukubaliane kwamba jembe lina saa zake na kitabu kina saa zake. Walikuwapo pia wazazi waliolia walipoambiwa wamtume mtoto dukani, wakidhani tunawanyang'anya fahari yao. Kaeni nao. Rudini tena. Mzazi akikataa mara ya kwanza, mara nyingi anataka kujua kama utarudi mara ya pili.

Mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia kufaulisha ndiyo nusu nyepesi. Mtoto mwenye kipaji mpe taa, meza na tumbo lililoshiba, atafaulu. Nusu ngumu ni kumrejesha kwao kila mara akiwa bado ana ruhusa ya kukosea, kufokewa na kujibu. Hiyo haimo kwenye bajeti yoyote, na bila hiyo kazi yenu itakuwa nusu.

Nilistaafu. Mwaka wa kwanza walinialika kwenye mahafali kama mgeni rasmi, wakaniketisha mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Mwaka wa pili vilevile, na shada la maua juu. Nilisema asante kwa kiti, asante kwa maji, asante kwa maua, nikarudi nyumbani na huzuni nisiyoijua jina.

Mwaka wa tatu nilipofika mlangoni, vijana walezi walikuwa tayari na kiti. Zamoyoni, ambaye sasa ni mwalimu wa Hisabati na ndiye Mratibu wa Masomo wa nyumba ile, aliwasogeza pembeni. Akanitazama miguuni, akaniletea ndala, kisha akanishika mkono hadi jikoni. Bi Somoe alikuwa huko, nywele zimekuwa nyeupe, anasimamia karai la samaki wa sherehe.

"Mwaka wa tatu huu, Mama Mlezi," Zamoyoni alisema, akanikalisha kwenye kigoda na kuniwekea ungo wa mchele mapajani. "Chambua. Watu wana njaa."

Nikausogeza mchele upande mmoja, nikauinua ungo kwenye mwanga.

"Na ungo wenyewe huu umetoboka! Nyumba nzima hamna ungo mwingine?"

Bi Somoe hakugeuka hata kutoka kwenye karai lake.

"Karudi huyo," alisema. "Mpeni na nazi."