Shusha Mkono

Wanaosema mwalimu wetu wa farasi ni mkali, waje waniambie mimi. Hapa Weatherford, mji wa wafuga ng'ombe, kila mtu anaujua mkono wake wa kulia, usio na kidole gumba. Kililiwa na kamba ya kukamatia ng'ombe. Mkono huohuo anaulaza shingoni mwa farasi wachanga asubuhi nzima, na wapandaji anawapigia kelele moja tu: "Shusha mkono!" Maana katika mchezo huu wa kutenga ng'ombe, ukishamtenga mmoja na wenzake, unalegeza hatamu; kumzuia asirudi kundini ni kazi ya farasi. Jana Bwana Thaxton alimvuta hatamu farasi wake wa miaka miwili kila ng'ombe alipogeuka, hadi povu mdomoni mwa mnyama likawa jekundu. Mwalimu akapaza sauti:

"Shusha mkono, bwana wee!"

"Farasi wangu huyu, mama. Chuma hakiui."

Mwalimu akamteremsha Thaxton, akamvua farasi lijamu, kile chuma cha mdomoni, akakifuta kwa shati lake. "Basi king'ate wewe."

Thaxton akaking'ata huku akicheka. Mwalimu akashika hatamu iliyolegea kwa vidole vyake vinne. Kicheko kikakatika.

"Mbona umefumba macho, bwana?" akauliza. "Mimi mkono nimeushusha."