Salfa Chini ya Mabaraza ya Mizabibu

Kosa nitakalolieleza hapa ni kujipendekeza. Vitabu vingi vya maadili nilivyosoma havikulipa uzito. Hushughulika na wizi, uongo na zinaa, na kujipendekeza hukutaja kwa kupita, kama udhaifu wa watumishi. Mimi nimeliona likikaribia kumnyang'anya shangazi yangu mavuno ya mwaka mzima, na waliolitenda walikuwa watu wazima, wenye swala tano, mmoja wao tumbo moja na mimi.

Shamba la shangazi liko nyuma ya Mitwero, kwenye mteremko unaotazama ghuba. Juu yake, palipokuwa na mikorosho ya watu waliouza wakahama, imejengwa hoteli ya kifahari. Wenye hoteli waling'oa mikorosho wakapanda mizabibu kwa mistari, kisha wakajenga mabaraza matatu ya mbao yasiyo na kuta, moja juu ya jingine, ili mgeni anywapo chai aone mizabibu chini ya miguu yake na bahari mbele yake. Katika matangazo wanapaita mapumziko ya shamba la mvinyo. Kwa jinsi nilivyoiona, mizabibu ile haijapata kutoa zabibu za kujaza bakuli. Zabibu za mezani huja kwa maboksi kutoka Dodoma, na mvinyo vilevile. Mgeni hupigwa picha akiwa na glasi kando ya mzabibu tasa, akaenda zake akiamini kwamba amekunywa alichokiona. Kuhusu mvinyo sina la kuongeza juu ya yale ambayo dini yangu imekwisha kusema. Udanganyifu ndio ulionichukiza, na ulinichukiza zaidi kwa sababu afisa uhusiano wa mahali pale ni mdogo wangu wa kiume, aliyesomeshwa kwa korosho za shamba hilohilo la shangazi.

Kila mwaka mikorosho inapoanza kuchanua mimi hutoka Rasbura, ninakofundisha, kwenda kumsaidia shangazi. Maua ya mkorosho yana adui mkubwa, ubwiriunga, ukungu mweupe unaoyakausha kabla hayajafunga. Dawa yake ni unga wa salfa, unaopulizwa kwa mashine alfajiri, umande ukiwa bado juu ya maua na upepo haujaanza. Ukichelewa huna la kufanya ila kungoja mwaka mwingine. Na saa hiyohiyo ndiyo wageni wa hoteli huketi barazani kutazama jua likichomoza.

Mwaka huo nilimkuta shangazi uani. Mifuko ya salfa ilikuwa imeegemezwa ukutani, haijafunguliwa.

"Shikamoo shangazi. Mbona hamjapuliza?"

"Marahaba, mwanangu. Jirani ana wageni."

Kwetu hilo ni neno zito. Jirani akiwa na wageni huchomi takataka upande wa nyumba yake, hutwangi kabla hawajaamka, hata ugomvi wa mume na mke huahirishwa. Ni adabu nzuri, nami nimelelewa nayo. Mdogo wangu naye amelelewa nayo, akaichukua akaipeleka sokoni. Alikuja kwa shangazi pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, akasema kwa unyenyekevu mwingi kwamba jirani wa juu ana wageni, vumbi la salfa linawafikia, basi wastahiwe mpaka waondoke. Mwenyekiti alikubali kwa niaba ya watu wote, akaifungia nyumbani kwake mashine ya kupulizia ya kikundi cha wakulima. Yeye alikuwa amekwisha kukaribishwa barazani, akalishwa kamba wakubwa, akarudi akisimulia ulaini wa viti.

"Wanaondoka lini?" nikauliza.

"Sikuuliza. Utamuulizaje mtu mgeni wake anaondoka lini?"

Tukaingia shambani. Mikorosho ya pembezoni ilikuwa imeanza kupata weupe kwenye maua. Shangazi alikivunja kishada kimoja, akakisugua kiganjani, kikamwagika kama majivu.

Siku iliyofuata mdogo wangu alishuka na shati jeupe lililonyooshwa kutualika chakula cha mchana, kuwashukuru majirani.

"Dada, usininunie," aliniambia. "Njooni mle. Mtaiona nyumba yenu kutoka juu."

"Nimeizoea kutoka chini."

"Ah! Vitabu vitakuua, dada."

Tulikwenda. Shangazi alivaa kanga yake ya Idd. Tuliketishwa kwenye baraza la chini kabisa, mbali na wageni, na meneja, kijana kutoka Dar es Salaam, akaja kutusalimia. Shangazi alilizungusha swali lake kwa adabu kadiri alivyoweza.

"Tunawaombea wageni wenu safari njema. Inshallah wanaondoka lini?"

Meneja alicheka. "Bibi, usituombee hayo! Hawa wakiondoka kesho, wengine wanaingia kesho kutwa. Tumejaa kiangazi chote."

"Kwa hiyo hawaishi."

"Wakiisha, na sisi tumekwisha!"

Mdogo wangu akacheka pamoja naye, tena kwa sauti kubwa kuliko yake. Mpaka leo sijaisamehe sauti ile.

Mzabibu mmoja ulikuwa umetambaa kwenye nguzo karibu na kiti changu. Majani yake yalikuwa na vumbi la rangi ya manjano iliyofifia. Nilipitisha kidole, nikakisogeza puani, nikamnyooshea shangazi. Akanusa, akanitazama.

"Hii ni salfa," nikasema.

"Ndiyo," akajibu meneja bila haya. "Mizabibu nayo hupata ukungu. Tunapuliza wageni wakiwa ufukweni."

"Na wakirudi wakasikia harufu?"

"Tunawaambia shamba la mvinyo hunukia hivyo. Wanapenda sana."

Mdogo wangu alikuwa ameinamia sahani yake. Alijua. Alijua siku ile aliyokaa uani kwa shangazi akiomba kwa jina la ujirani.

Shangazi aliinuka, chakula kikiwa hakijaguswa. "Nilidhani una wageni," akamwambia meneja. "Kumbe una wateja."

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani.

"Mashine imeharibika."

"Imeharibikaje, nawe umeifungia chumbani?" nikamuuliza.

"Mwalimu, usinigombanishe na wakubwa."

Jioni hiyo nilikuwa mjini Lindi, kwenye duka la pembejeo. Mwenye duka ni mjane, mama wa Kihindi, Mwislamu kama sisi, ambaye ukoo wake umeuza kila aina ya zana katika mji ule tangu kabla sijazaliwa. Nilimsimulia yote, hata ya salfa ya mizabibu, kisha nikasema lililokuwa gumu.

"Saruji ya misingi ya mabaraza yale ilitoka kwako."

"Na misumari pia. Halafu?"

"Ukitusaidia, watakasirika."

"Waache wakasirike wakiwa wamekaa. Si viti wanavyo?" Akamgeukia fundi wake. "Toa ile mashine mpya kwenye boksi. Jaza mafuta."

Baada ya swala ya alfajiri alifika shambani kwa gari lake mwenyewe, amejitanda ushungi, fundi na mashine nyuma. Mashine ikanguruma. Wingu la salfa likapita katikati ya matawi, likatulia juu ya maua, na sehemu yake ikapanda polepole mpaka kwenye mabaraza. Wageni walijiziba pua kwa vitambaa vya mezani. Wengine wakapiga picha. Mdogo wangu alishuka mbio akiikanyaga mizabibu ya mwajiri wake.

"Shangazi! Unanifukuzisha kazi!"

"Na wewe ulikuwa unanifukuzisha shambani. Sogea, fundi apite."

Mama aliyeleta mashine alishusha kioo cha gari. "Kijana, ziba pua. Au utaipenda harufu hii ukiambiwa ni ya zabibu?"

Mikorosho ya pembezoni haikuzaa mwaka ule. Ya katikati ilifunga. Majirani walipotuona tukipuliza alfajiri ile walimwendea mwenyekiti, na mashine ya kikundi ikapona siku hiyohiyo bila fundi. Hoteli ilihamishia manunuzi yake duka jingine. Mdogo wangu hakufukuzwa, nasikia wanamsifu. Siku ya Idd akija kwangu nampa chakula, simpi mazungumzo.

Korosho zilipokauka, shangazi alijaza mfuko wa kwanza akaushona mwenyewe mdomo. Kwa desturi yake mfuko huo huupeleka kwa ndugu aliyemfaa kuliko wote. Nilimuuliza mwaka huu unakwenda kwa nani. Alinitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi, akajibu:

"Kwa Mama wa Dukani."