Funguo ya Bougie Kanisani Mavivi

Mimi nilipenda gitaa ya kutelezesha, ile inayolia kama mutu. Inataka kitu kigumu kwenye kidole. Nilijaribu chupa ya sirop, ikapasuka. Kijiko cha mama kikatoa sauti ya paka mwenye kukanyagwa. Mwisho nikapata funguo ya bougie, ya kufungulia plagi, mali ya yaya, kaka yangu mukubwa, motari mwenye kubeba batu na pikipiki mutaani Mususa: bomba fupi ya chuma, kidole changu kidogo kinaingia sawasawa. Yaya aliitafuta wiki mbili. Nilimusaidia, hata chini ya kuku tulitafuta.

Gitaa yenyewe ilikuwa ya chorale, kwaya yetu ya kanisa. Kiongozi wetu, prof wangu wa math, alishatangaza makosa mawili ya kufukuzwa: kuvuta sigara, maana inaua sauti, na kugusa kamba za gitaa ile. Nyumbani hatuna gitaa. Donc kutoka chorale ilikuwa kuachana na gitaa kabisa.

Tulipoitwa kuimba misa ya ndoa Mavivi, kule Beni, alinipa niibebe tu, juu nilikuwa naenda na moto ya yaya, ile pikipiki. Kuibeba tu! Ijumaa nikalegeza kamba tatu, nyembamba moja na nene mbili, ili zote zikipigwa wazi ziimbe accord moja, sauti zenye kupatana. Nikachomeka crayon yangu, kalamu ya risasi, chini ya kamba, kule juu ya shingo, ziinuke, chuma ya kidole isigonge mbao. Nilipanga kurudisha yote asubuhi. Asubuhi nilikuwa nalala, yaya anapiga honi mulangoni.

Njiani moto ilizima mara mbili. Yaya akaazima funguo kwa motari mwingine, akalaani mwizi. Nikalaani pamoja naye.

Kanisani Prof akapiga accord yake ya kila siku, ikatoka kama masahani yenye kuanguka. Akasema ni joto ya Beni, sisi batu ba kule kwenye baridi hatuijui. Nikakubali sana. Halafu akaona crayon.

“Joto ililegeza kamba, sawa,” akasema polepole. “Na crayon hii, ni joto pia iliitafuna?”

Darasani ananigombeza kila siku juu ya kutafuna crayon. Kengele ikalia, padri huyo anaingia. Prof akanisukumia gitaa.

“Piga. Ukishindwa, hii ni misa yako ya mwisho na sisi.”

Nikavaa funguo, nikapiga. Mama ya bibi-arusi akalia kabla ya saa yake, kama tuko kwenye matanga. Prof alianza kwa kuangalia viatu vyake, mais kufika matoleo kiatu kimoja kilikuwa kinacheza.

Kwa komunyo, yaya akapita na mikono imekunjwa kama malaika. Macho yake yakashuka kwenye kidole changu. Akapokea, akajibu Amina vizuri, akarudi upande wangu na kufungua kiganja. Wimbo ulibakia ubeti moja. Hakusogea. Nyuma yake mustari ukaanza kubanana. Nikamupa.

“Hapana simamisha wimbo,” Prof akanong'ona. Akaingiza mukono ndani ya koti, akasita, akaniwekea kitu mukononi.

Briketi. Kiberiti ya gesi, bado na joto ya mufuko wake.

Nilimaliza ubeti nayo. Prof hajaiomba irudi mpaka leo, na mimi niko bado kwenye chorale.