Lori la Kwenye Simu

Naona haya kuyaandika, ingawa mji wetu mzima wa Mubi unayajua. Risasi zilisikika upande wa Kibua, na familia zilikuwa zimeshapanda lori kukimbia. Lakini shofa, dereva wa lori hilo, alikuwa anatetemeka kwa malaria.

"Nani anajua kuendesha?" mwenye lori akauliza.

Mimi, ambaye hata kusalimia watu naogopa, nikanyoosha mkono. Katika mchezo wa simu nilishusha malori milima yote bila kuanguka.

"Mungu akubariki, kaka!" akina mama wakaita.

Shofa akawasha injini, akanipisha kwenye usukani. Nikatazama chini kwenye pedali. Kwenye simu kuna pedali mbili tu: ya kwenda na ya kusimama.

"Papa," nikamuuliza shofa, "hii ya tatu njo ya nini?"

Nyuma, watu wakaanza kushuka na magodoro yao.