Jeki ya Shemeji

Kitu cha kwanza nilichokiona baada ya paa kutuangukia kilikuwa jeki. Jeki nyekundu ya gari, imepenyezwa kwenye tundu chini ya gogo, inasukumwa na mkono wa mwanaume ambaye sura yake sikuiona. Gogo lilikuwa limenilalia mguu wa kushoto. Mdomo ulikuwa umejaa udongo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika mkono wa mama mkwe, na mkono ule ulikuwa umeshapoa zamani, lakini sikuuachia. Niliona nikiuachia nitakuwa nimekubali.

Nje wanawake walikuwa wanalia, na juu ya kilio chao nilisikia sauti ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu: "Pole pole! Usiiharakishe, itateleza!" Jeki ikalia kri, kri, kri. Gogo likanyanyuka kidogo. Nikavutwa kwa makwapa kama gunia la alizeti.

Tangu siku ile watu wa kwetu, huku Mtinko, wana maneno mawili juu yangu. La kwanza, kwamba paa lile liliangushwa na mtama wangu niliouanika juu, kwa hiyo mama mkwe nilimuua mimi. La pili, kwamba shemeji ndiye aliyeniokoa kwa jeki yake. Yaani mimi muuaji, yeye mwokozi. Nimeyabeba hayo mpaka nywele zimeanza mvi. Mimi shule niliishia la nne, lakini kuandika najua, na mwezi ule naukumbuka wote.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mtu akiulizwa jambo anajibu ruksa. Shemeji alikuwa akiuza chumvi kwa baiskeli. Ghafla akawa mnunuzi wa vitunguu na alizeti, akapata pikapu, akapata suti ya mitumba ambayo mikono yake ilimfika kwenye vidole. Binti yake mkubwa akapata mchumba wa Arusha, na ikasemwa kwamba mwisho wa mwezi wa sita wazee wa huko watakuja kuleta posa. Watafikia wapi? Nyumbani kwa bibi, kwa mama mkwe, nilikokuwa naishi na mume wangu.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe. Asiyeijua tembe nitamwambia: paa lake ni bapa, magogo yamelazwa, juu ya magogo fito, juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Mzigo wote huo unabebwa na nguzo zilizosimama humo humo ndani, mnapika katikati yake, mnalala katikati yake. Kubwa kuliko zote ilikuwa nguzo ya kati, ya mpingo, aliyoisimika baba mkwe kabla hajazaa mtoto hata mmoja. Kila mavuno tulipanda juu kwa ngazi, tukaanika mtama. Kila mavuno. Tembe zote za Unyaturu, huku kwetu, zinaanikwa mtama.

Shemeji alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Mama, wakwe hawawezi kukaa katikati ya nguzo kama mbuzi. Nataka sebule. Sofaseti iingie, watu wacheze."

Mama mkwe akamjibu, "Mimi nilichezea hapa hapa kwenye harusi yangu. Sikugonga nguzo."

"Ulikuwa mwembamba, mama."

Tukacheka wote. Ndivyo mambo yalivyoanza, kwa kucheka.

Akaletwa fundi kutoka Singida Mjini, penseli nyuma ya sikio, suruali imepigwa pasi. Alikuwa amejenga nyumba za matofali na bati, tembe alikuwa anaziona akipita barabarani. Mpango wake ulikuwa hivi: atainua kuta mbili za matofali ya kuchoma, atatoa nguzo za kati, atapitisha boriti moja ndefu ya mbao kutoka ukuta hadi ukuta. Bati litakuja baadaye.

Mama mkwe akauliza, "Na udongo wa juu mnaushusha lini?"

"Baadaye, mama. Kwanza sebule."

Mtu aliyezaliwa kwenye tembe anajua kwamba unaanza juu. Unashusha udongo, unashusha fito, ndipo unagusa nguzo. Lakini shemeji hakutaka nyumba ikae wazi, wageni wangeona mbingu na mama angepigwa na baridi. Nilipofungua mdomo kusema, aligeuka akaniangalia juu mpaka chini.

"Shemeji, darasa la nne ndiyo wanafundisha ujenzi siku hizi?"

Mume wangu alicheka. Na hilo nalo nimeliweka.

Wiki zile nyumba haikukauka watu. Marafiki wa shemeji walikuja kila jioni kutazama ujenzi, wakaweka redio kaseti kwenye rundo la matofali, wakanywa bia za kopo zilizotoka nje. Mama mkwe alilichukua kopo moja, akaligeuza geuza, akauliza, "Hii pombe ilifanya kosa gani mpaka ikafungwa kwenye bati?" Yule mama alikuwa na maneno. Nilichinja kuku, nikasonga ugali, nikaosha masufuria ya watu nisiowajua.

Nguzo ya kati ikakatwa. Boriti ya kupokea mzigo ilikuwa bado iko mjini kwa mwenye mashine ya mbao. Basi fundi akaweka jiwe bapa chini, juu ya jiwe jeki ya pikapu, juu ya jeki gogo fupi, akapampu mpaka likabana. Alijipiga kifua. "Hii inabeba gari na mzigo wake, itashindwa na udongo?" Na ile nguzo ya mpingo, siku hiyo hiyo waliipasua ikawa kuni za kuchomea mbuzi. Mama mkwe alikaa akaiangalia inavyoungua. Alisema neno moja kwa Kinyaturu. Nyama hakula.

Ikawa kila Jumamosi wanaondoka, shemeji, fundi, mume wangu na wapambe wao, eti wanafuata boriti. Jumamosi ya kwanza walirudi kesho yake jioni na perege wa kukaanga kutoka Ziwa Singidani, wanacheka, wamejaa vumbi. Boriti iko wapi? Mwenye mashine hakuwepo. Juma lililofuata, harusi ya rafiki mjini. Mwenye mashine alikuwepo, wao hawakumfikia. Halafu wakasema wanakwenda Shelui, kuna nyama choma nzuri pale malori yanaposimama. Shelui na boriti wapi na wapi? Huko pikapu ikapata pancha porini, na jeki ilikuwa nyumbani kwetu imebeba paa. Wakakaa juani mpaka dereva wa lori akawahurumia. Shemeji alirudi shati jeupe limekuwa la rangi ya barabara, hasira tupu. Marafiki zake walimtania wiki nzima: "Tajiri ana gari, jeki kaweka chumbani kwa mama yake!"

Utani huo ndio uliotuua.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, nilikuwa narudi kisimani na ndoo kichwani. Pikapu inaunguruma. Nikamwona fundi anatoka ndani amebeba jeki kwa mikono miwili, anaitia nyuma ya gari. Nikatua ndoo, nikaingia. Mume wangu alikuwa ameshika mti mbichi wa mkaratusi, unene wake hauzidi mkono wangu, anaugonga kwa nyundo ukae mahali pa jeki.

"Mume wangu, ni nini hiki?"

"Kaka kasema toa. Tunarudi kesho. Mti utashika."

"Na ukikataa kushika?"

Akaendelea kugonga. Nikatoka nje kwa shemeji. Nilimpigia shikamoo kwanza, kwa sababu hata ukiwa na moto kifuani huwezi kuongea na mkubwa wa mume wako bila shikamoo.

"Marahaba. Sema haraka."

"Shemeji, mti ule hauwezi. Acheni jeki, mkaazime nyingine."

"Nikakwame tena njiani kwa ajili ya udongo? Wewe punguza mtama wako huko juu, basi."

Wakaondoka, Shelui tena.

Nataka mnisikie hapo. Aliniambia nipunguze mtama, na mimi sikuupunguza, niliutoa wote. Siku ile nilipanda na kushuka ngazi na ungo mpaka jua likazama, nikaumwaga mtama wote uani juu ya turubai. Mama mkwe alikuwa chini akinipokea. Nilimwambia tuhamie kwa jirani. Alisema hawezi kwenda kulala kwa watu wakati ana nyumba, na mwanawe anarudi kesho.

Jumapili asubuhi udongo ulianza kudondoka. Kidogo, kama mtu anachekecha unga. Uliingia kwenye uji. Nilikwenda kuutazama ule mti, nikakuta umepinda kama upinde, na maji yake yanatoka kwenye ganda. Nikasema, "Mama, sasa tutoke, sikuombi." Akainuka kweli. Akasema ngoja nichukue kanga yangu nisitoke hivi. Nikamfuata nimvute. Nilimshika mkono karibu na kihenge cha mtama wa zamani, na hapo mti ukavunjika. Mlio wake ulikuwa mdogo, hauna maana yoyote.

Kihenge kilipokea gogo upande wangu. Upande wake hakukuwa na kitu.

Wao walirudi mchana kutoka Shelui, pikapu ikaingia uani watu wameshajaa wanachimba kwa majembe na mikono. Ndipo jeki ikashushwa. Ndipo shemeji akapiga kelele pole pole, na watu wote wakaona anavyookoa.

Posa iliahirishwa, ukaja msiba. Siku ya matanga, shemeji akisimama kuwaeleza ndugu waliotoka mbali, alisema paa lilizidiwa na mtama. Nilikuwa hospitali mjini, mguu umefungwa, hakuna aliyeniuliza. Lakini mtama ulikuwa uani, juu ya turubai, kila mtu alipita kando yake. Na huo ndio uliosagwa, ukasongwa ugali, mkala siku zote za msiba. Mlikula ushahidi wangu mkanawa mikono.

Fundi alirudi mjini, nasikia ana watoto mafundi sasa. Mume wangu nilimuuliza mara nyingi. Kila nikimuuliza anachukua jembe anakwenda shamba, hata kiangazi. Ameishi na mimi miaka yote hii, anaona ninavyotembea na mkongojo.

Ningenyamaza. Ila mwaka huu, kwenye harusi ya mjukuu wake, shemeji alishika kipaza sauti akaisimulia upya, mtama, paa, jeki, watu wakapiga makofi. Halafu akasema, "Shemeji yangu yule pale, hai. Simama wakuone." Nikasimama. Nilisimamishwa mbele ya ukoo mzima nishukuru.

Sasa na wewe simama, shemeji. Shikamoo yako ipo, sijaipunguza. Simama pale pale palipokuwa na nguzo ya baba yako, mbele ya ndugu wale wale, na mdogo wako awe pembeni, na fundi aitwe. Sitaki pole, sitaki mbuzi wa fidia. Nataka useme kwa mdomo wako: Jumamosi ile mama yako akiwa ndani, jeki ilikuwa wapi, na nani alisema itolewe?