Inchi Zilizorudi

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ni fundi cherehani. Wateja humwita Mama Pindo. Miaka minane iliyopita alifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, akapungua hadi mimi mjomba wake nikapishana naye njiani nisimjue. Daktari alimwambia, "Umeagana na unene." Akaamini. Akabana magauni yake yote, na kile kitambaa cha akiba ambacho fundi huacha ndani ya mshono akakikata, akatupa. Fundi mzima!

Unene ukarudi polepole. Magauni hayana pa kufumulia. Majirani nao: "Mama Pindo, operesheni umeirudisha dukani?" Anacheka nao, halafu anakanyaga cherehani mpaka sindano inakatika.

Juzi alitaka jambo moja tu: daktari ampokee tena, amtibu. Nikamsindikiza, maana siku hizi kazi yangu ni kutembea. Muuguzi akamzungushia tepu kiunoni.

"Arobaini na nne."

"Tepu yako imejikunja nyuma, dada. Ni arobaini na mbili."

Daktari hata macho hakuinua. "Mama, sisi kazi yetu tulimaliza. Huo ni mdomo wako. Na miaka yote ulikuwa wapi?"

Mimi mtu mpole, lakini masikio yaliniwaka moto. Mpwa wangu akabwaga mezani daftari la vipimo. Kumbe kila Jumamosi alikuwa akijipima kama anavyopima wateja.

"Soma mwaka wa tatu. Inchi mbili zimerudi, nikaja, mkasema ni kawaida. Mwaka wa tano nikaja, mkasema sipo tena kwenye orodha ya wagonjwa wenu. Nakula kibakuli kimoja, njaa inaniuma kama sijala. Nani aliniambia mwili utapigana urudi ulikotoka? Nani?"

"Mama, punguza sauti."

"Nimepunguza tumbo, nimepunguza nguo, na sauti pia?"

Daktari akafunua kurasa. Akaagiza damu ipimwe, akaandika tarehe ya kurudi kuzungumzia dawa. Mpwa wangu hakuinuka.

"Andika kwenye faili kwamba nilikuja mara mbili mkanirudisha."

"Hilo halina haja."

"Basi wenzangu huko nje watasubiri sana." Akavua viatu, akaegemea kiti. Mimi nikauegemea mlango.

Daktari akaandika. Mpwa wangu akasoma, akamwambia mwaka mmoja kaukosea, aandike upya.